Kuikagua kompyuta mpakato kabla ya kulipa: kioo, mwili na kufuli

Muuzaji wa kompyuta mpakato zilizotumika, awe na duka katikati ya mji wa Lubumbashi au kibanda katika komini ya Kenya mjini humo, huanza kwa kuonyesha kibandiko cha prosesa, yaani ubongo wa mashine, kwa kuwa neno "i7" hujiuza lenyewe. Kibandiko hicho hakitoshi. Omba uonyeshwe namba kamili katika maelezo ya mfumo: katika i7-4600U tarakimu 4 ndiyo kizazi, katika i5-8250U kizazi ni cha 8, na hiyo i5 huiacha nyuma i7 ile kwa kazi nyingi. Isitoshe, Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel ya kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Hakikisha kwamba diski ni SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, kisha uulize kama memori imechomelewa kwenye ubao mkuu au inaweza kuongezwa. Mimi nisingeshuka chini ya GB 8. Hayo yakishajulikana, iache prosesa na ugeukie kioo.

Muuzaji akisema kioo ni "LED", bado hajakuambia kitu, kwa sababu LED ni taa zilizo nyuma ya kioo cha LCD, na karibu kila LCD ya miaka ya karibuni inazo. Swali lenye uzito ni aina ya paneli: TN, IPS au OLED. Kuzitofautisha hakuhitaji kifaa chochote. Fungua picha ya uso wa mtu, kisha ulaze mfuniko nyuma polepole huku kichwa chako kikibaki palepale. Kwenye TN uso huo utaingia giza, na mfuniko ukizidi kulala, sehemu zenye mwanga zitabadilishana na zenye kivuli. Kwenye IPS utaendelea kumtambua mtu yuleyule kwa rangi zilezile hata ukimtazama kwa pembeni. Anayeandika barua na hesabu peke yake anaweza kuivumilia TN ikiwa bei imeshuka kweli, lakini mpiga picha au fundi wa kuchora ramani asiikubali hata kwa punguzo.

Kwenye OLED kila nukta hujiwakia yenyewe, na ndiyo maana weusi wake ni weusi hasa: nukta imezimwa. Tatizo ni kwamba alama isiyosogea kwa muda mrefu, kama ule mstari wa Windows unaokaa chini ya kioo, huweza kuacha kivuli kisichofutika. Basi kwa OLED iliyotumika, jaza kioo chote rangi ya kijivu na ukague ukingo wa chini kwa makini. Kwa LCD jaza rangi nyeupe, utafute madoa ya manjano, nukta zilizokufa na mabaka yanayotokana na mfuniko kukandamizwa ndani ya mfuko. Ufungue na kuufunga mfuniko mara kadhaa. Picha ikimetameta katika pembe fulani, huenda waya unaopita kwenye bawaba umeanza kuchoka.

Baada ya hapo ibebe mashine hadi mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti: 250 hutosha ndani ya chumba, 300 ni afadhali, na anayefanya kazi barazani atafute 400 au zaidi. Kioo kisichong'aa kitakufaa kuliko kile cha kung'aa, ambacho mchana hukuonyesha shati lako mwenyewe. Kuhusu wingi wa nukta, 1920 kwa 1080 ndicho kiwango cha kudai; 1366 kwa 768 hukulazimisha kusogeza kurasa kila mara. Kioo cha kugusa, kwa maoni yangu, si cha kulipia zaidi.

Mwili hauchukui muda mrefu. Angalia matundu ya hewa, kwani vumbi jekundu la kiangazi hujikusanya hapo na kuifanya feni ipige kelele bila kupoza. Skrubu zilizochubuka vichwa zinaonyesha kwamba mashine imefunguliwa na mtu asiye na bisibisi sahihi. Katika dirisha la amri la Windows (Command Prompt) andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Kwa jinsi umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unavyokatika, betri iliyobaki na nusu ya uwezo ni hoja halali ya kupunguziwa bei. Jaribu pia tundu la USB-C, maana si kila tundu la namna hiyo hupokea chaji. Linalopokea hukuwezesha kutumia hata betri ya akiba yenye wati za kutosha.

Usalama unaanzia dukani. Mwambie muuzaji aizime mashine, aiwashe tena na kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, mbele yako. Ikidai neno la siri ambalo yeye halijui, usiichukue, kwa kuwa katika mashine za kampuni nywila hiyo haiondolewi kwa urahisi na wakati mwingine ubao mkuu hubadilishwa. Linganisha namba ya seri iliyo ndani ya BIOS na ile iliyo chini ya mwili. Kisha Windows irudishwe upya huku intaneti imeunganishwa: ukitokea ukurasa unaotaka akaunti ya kazini ya kampuni usiyoijua, mashine hiyo bado iko chini ya mwenyewe wa awali. Kwa MacBook, hakikisha mwenye nayo ameitoa kwenye akaunti yake ya Apple.

Kitundu kidogo cha ubavuni ni cha waya wa kufuli. Kile cha kawaida cha Kensington kina milimita 3 kwa 7, lakini mashine nyembamba huwa na vidogo zaidi au hazina kabisa, kwa hiyo pima kabla ya kununua waya. Uuzungushe kwenye kitu kisichonyanyuka. Mguu wa meza mwizi huuinua tu na kuuchomoa waya. Hata ukiufunga vizuri, waya humchelewesha mwizi kwa dakika chache, na kinacholinda maandishi yako ni kusimbwa kwa diski, yaani kuyageuza yasisomeke bila ufunguo, kwa BitLocker ya Windows au kwa FileVault ya Apple. Ukiweka nywila ya kuombwa kabla Windows haijawaka, kumbuka kwamba baadhi ya mashine husoma kibodi ya AZERTY (ya Kifaransa) kana kwamba ni QWERTY (ya Kiingereza), hivyo epuka herufi A, Q, Z, W na M pamoja na tarakimu za safu ya juu. Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker uuandike kwenye karatasi pamoja na namba ya seri, uihifadhi na risiti nyumbani, si kwenye mfuko unaobebea kompyuta.