Somo: Kupima umbali kati ya maumbo kwenye PostGIS (nyumba, mto na zile mita 60)

Wakuu, PostGIS ni nyongeza ya kanzidata ya PostgreSQL inayohifadhi na kupima maumbo ya ramani. Amri yenyewe ya kupima umbali ni ya mstari mmoja. Mitego iko kabla yake, na humo ndimo nitakapokaa zaidi.

Kazi yetu ni hii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au wa ziwa. Tunataka kujua nyumba zipi za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, zimo ndani ya mita hizo. Ramani tunayo: OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wenyewe, ina Dar nyumba kwa nyumba, na sehemu kubwa ya uchoraji huo ni jasho la vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya Dar, kuanzia 2015. Nachukulia umeshaiingiza kwenye kanzidata kwa osm2pgsql, programu ya kazi hiyo.

Hatua ya 1: Jua namba zako ni za kipimo gani

SELECT ST_SRID(way), count(*) FROM planet_osm_polygon GROUP BY 1;

Kama hukubadilisha chochote wakati wa kuingiza, utaona 3857. Hiyo ni namba (SRID) ya mfumo wa vipimo wa ramani za mtandaoni, na "mita" yake hutanuka kadiri unavyoiacha ikweta. Dar inatanuka kwa takribani asilimia 0.7, kwa hiyo mita 60 za kweli husomeka 60.4. Oslo inakaribia mara mbili.

Ukiona 4326, hizo si mita kabisa, ni nyuzi (digrii) za longitudo na latitudo. Jaribu kutoka karibu na bandari ya Dar hadi Mji Mkongwe, Zanzibar:

SELECT ST_Distance(
'SRID=4326;POINT(39.29 -6.82)'::geometry,
'SRID=4326;POINT(39.19 -6.16)'::geometry);

Jibu ni 0.6675. Badilisha geometry iwe geography (aina inayopima juu ya uso wa dunia) pande zote mbili, utapata mita: karibu 73,800.

Wapo wanaozidisha nyuzi kwa 111 na kuziita kilomita. Kwetu wanaponea, kwa sababu karibu na ikweta uzi wa longitudo na wa latitudo vinakaribiana urefu. London uzi mmoja wa longitudo ni kama kilomita 69 tu. Mtu aliyezoea mkato huu Kariakoo, siku akipewa kazi ya huko ataumbuka.

Halafu longitudo hutangulia. Ukiandika POINT(-6.82 39.29), bandari yetu inahamia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, na kanzidata haitakuonya kwa sababu hapo ni mahali halali duniani.

Hatua ya 2: Hamisha kwenda mita za kweli

Dar iko kwenye kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita; SRID yake ni 32737. Hapa kosa ni kama sentimita 2 katika mita 60.

CREATE TABLE nyumba AS
SELECT osm_id, ST_Transform(way, 32737) AS umbo
FROM planet_osm_polygon
WHERE building IS NOT NULL;

CREATE INDEX ON nyumba USING gist (umbo);

Usitumie ST_SetSRID hapa. Hiyo inabadilisha lebo tu, sawa na kubandika karatasi ya "sukari" kwenye gunia la chumvi. ST_Transform ndiyo inayokokotoa namba upya.

Jedwali la mto litengeneze kwa namna hiyo hiyo, ila soma kwanza hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Mto gani?

Niliwahi kukabidhi orodha ya nyumba iliyopimwa vizuri kabisa, amri safi, namba safi. Mzee mmoja mkazi wa bondeni akaitazama akaniuliza, "Kijana, umepima kutoka wapi?" Nikaenda kuangalia. Nilikuwa nimetumia planet_osm_line, yaani mstari unaopita katikati ya mto. Sheria inasema ukingo. Mto ukiwa na upana wa mita 20, mstari wa katikati unakunyima mita 10 kila upande, na nyumba zote zilizo mita 50 hadi 60 kutoka ukingo zinatoka kwenye orodha kimyakimya.

Kwa hiyo tumia poligoni (umbo lililofungwa) ya mto yenye kingo zake. Pale ambapo mto umechorwa kama mstari peke yake, chora kingo mwenyewe kwenye QGIS, programu ya ramani, juu ya picha ya anga. Inachosha, lakini hakuna amri itakayokubunia ukingo usiokuwepo kwenye data.

Hatua ya 4: Pima

SELECT n.osm_id, min(ST_Distance(n.umbo, m.umbo)) AS mita
FROM nyumba n
JOIN mto m ON ST_DWithin(n.umbo, m.umbo, 60)
GROUP BY n.osm_id
ORDER BY mita;

ST_Distance hupima pale maumbo mawili yanapokaribiana zaidi, ukuta kwa ukingo, si katikati kwa katikati. ST_DWithin ndiyo inayochuja, na inatumia faharasa (index) tuliyotengeneza. Ukiandika WHERE ST_Distance(...) < 60 jibu ni lile lile, ila kila nyumba itapimwa na kila kipande cha mto, nawe utakuwa umeshakunywa chai vikombe viwili. Ile min() na GROUP BY ni kwa sababu mto huchorwa vipande vipande, na nyumba moja inaweza kuwa karibu na vipande viwili.

Ukitaka kuona kilichopimwa, chukua ST_ShortestLine(n.umbo, m.umbo) uifungue QGIS. Mistari ikianzia mahali pa ajabu, utaijua data mbovu mara moja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Mwanza, nataka nyumba za kando ya Ziwa Victoria. Nitumie 32737 hiyo hiyo?*

Hapana mkuu. Mwanza na Dodoma ziko kanda ya 36, tumia 32736. Kigoma ni 32735. Kama kazi yako inagusa nchi nzima, achana na kanda, tumia geography. Ni nzito kidogo lakini haijali uko wapi. Ziwa lenyewe ni poligoni yenye nukta nyingi mno, hivyo likate kwanza kwa ST_Subdivide, kisha weka faharasa kwenye vipande. Kwa nyumba zilizo nje ya maji umbali haubadiliki.

*Nyumba zangu kadhaa zimetoa 0. Ni hitilafu?*

Si hitilafu. Maumbo yakigusana, yakiingiliana, au moja likiwa ndani ya jingine, umbali ni 0. Nyumba hizo zimechorwa juu ya mto, au mto umechorwa juu yao. Ila kama una nukta ndani ya eneo na unataka umbali hadi mpaka wake, pima na ST_Boundary ya eneo hilo.

*Mimi huwa nachora ST_Buffer (ukanda wa kuuzunguka mto) ya mita 60, kisha natazama nyumba zinazoingiliana nayo. Kuna ubaya?*

Kwa ramani ya kuonyesha watu, haina ubaya. Kwa kuhesabu, upo. Mviringo wa buffer si mviringo, ni vipande vilivyonyooka, 8 kwa kila robo duara usipobadilisha. Kwenye mita 60 katikati ya kipande panapungua hadi kama sentimita 29. Tena ni nzito kuliko ST_DWithin.

*Nipo Mombasa. Nimepima Likoni hadi kisiwani nikapata umbali mdogo mno, wakati foleni ya feri tunaijua.*

Umepima kama ndege. ST_Distance haijui maji, ukuta wala foleni. Ukitaka njia, hiyo ni kazi ya pgRouting pamoja na mtandao wa barabara.

*Orodha hii naweza kuipeleka wilayani kama ilivyo?*

Mimi singeipeleka. Nyumba hizi zimechorwa juu ya picha za anga, na mstari wa ukuta unaweza kupotoka mita moja au zaidi. Zile zenye mita 55 hadi 65 (ongeza ile 60 ya ST_DWithin iwe 65 ili uzipate) mimi huzitenga kwenye orodha yake, halafu naenda bondeni na futikamba.