SOMO: Jina ni kamba, si ngalawa

Wiki hii nimeulizwa mara nne kwa nini amri ya `del` "haifuti". Naandika mara moja. Mifano ni ya Python, lugha ya kuandikia programu.

1. Kitu ndicho ngalawa, kinakaa kwenye memori. Jina ni kamba tu iliyokishika. Nenda Deep Sea, kwenye soko la samaki la Tanga, asubuhi utaona.

2. Tuseme a ni orodha. `b = a` haiundi ngalawa ya pili, inaongeza kamba. Ukitia samaki changu kwenye b, a nayo inaye. Ukitaka ya pili, `a.copy()`; orodha zilizo ndani yake hubaki zile zile.

3. `del a` hukata kamba. Python huhesabu kamba. Zikiisha, kitu huondolewa papo hapo.

4. Hapa ndipo nilipoumia. Niliandika programu ya mnada wa samaki, kila risiti nikaiweka kwenye kamusi (dict) iliyo nje ya funksheni, eti nitaihitaji baadaye. Majina ya ndani ya funksheni ni waja leo waondoka leo, nikadhani na risiti vivyo hivyo. Kumbe kamusi imezishika zote. Siku ya tatu mashine ikaganda alfajiri, wachuuzi wananikodolea macho. Wiki nzima namlaumu mzoa taka (garbage collector) wa Python! Hagusi kitu ulichokishika bado. Kagueni kamusi na orodha za nje KWANZA.

5. Ngalawa mbili zikifungana zenyewe bila kamba ya nchi kavu, hesabu haifiki sifuri. Ndiyo maana tangu toleo 2.0, mwaka 2000, Python ina mzoa taka wa kusaka mizunguko hiyo.

MASWALI

— Sijasoma yote. Nikiandika del memori inarudi?
Hatua ya 3.

— Nimeweka gc.collect(), ya kumwita mzoa taka, kila mstari, programu inajikokota.
Itoe.

— Kaka, lugha ya Java nayo huhesabu kamba?
Umeuliza la maana. Haihesabu. Huanzia nchi kavu, yaani majina yaliyo hai, ikafuata kamba hadi mwisho. Isichokifikia ni taka. Kwa hiyo mizunguko haiisumbui. Wazo ni la John McCarthy, alipokuwa akiunda lugha ya Lisp, 1959.

— Na ile kamusi uliitibuje?
Risiti za jana nazihamishia SQLite, hifadhidata iliyo kwenye diski, nabakiza za leo. Tazama pia `weakref`: kamba isiyohesabiwa.

— Kwetu Sahare ngalawa zatia nanga, hazifungwi kamba.
Na nanga yenyewe mwaifungia nini, mjomba?