Panga vitabu vya likizo kwa masaa uliyonayo, alafu chagua kimoja kizito

Sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka, na wengi wetu tunazichukua Desemba tukienda kijijini. Sa kama mwaka huu unataka hizo siku zikupe kusoma kwenyewe, vile vitabu vizito ambavyo miezi ya kazi huvigusi manake ukitoka kwa jam ya Kampala jioni kichwa kimeshachoka, basi anza kupanga mapema, Oktoba hivi, usingoje wiki ya Krismasi.

Usianze na majina ya vitabu. Chukua kalenda kwanza. Toa siku za safari kwenda na kurudi, toa kwanjula ya binamu (sherehe ya kutambulisha wachumba kwa familia), harusi, Krismasi yenyewe, siku za kutembelea wazee, na uache siku mbili tatu za mambo yasiyopangwa kama mazishi, kwa sababu kijijini huwezi kukaa ndani na kitabu wakati watu wako msibani. Tuseme zinabaki siku 12. Kila siku weka masaa mawili tu, moja alfajiri kabla watu hawajaamka na moja usiku baada ya chakula, hayo ni masaa 24. Alafu jipime: soma nusu saa kitabu chenyewe unachokitaka, hesabu kurasa, zidisha mara mbili. Kama unamaliza kurasa 25 kwa saa, bajeti yako ni kurasa 600, na hiyo namba ndo inaamua, sio hamu.

Watu wakisikia kurasa 600 wanaona ni kidogo, wanarudi kuandika orodha ya vitabu kumi na tano. Mimi nasema hapana. Orodha kubwa sio yenye vitabu vingi, ni yenye kitabu kimoja ambacho kawaida unakiogopa, na vingine viwili vyembamba vinavyoongea nacho. Ukisoma vitabu vinavyojibizana unabaki na kitu kichwani hata Machi, lakini ukichanganya hiki cha biashara, hiki cha mapenzi, hiki cha siasa ya Marekani, vyote vinapotea pamoja.

Ngoja nikupe mfano. Juni 1962, miezi michache kabla Uganda haijapata uhuru, waandishi wa Afrika walikutana Makerere, akina Chinua Achebe na Wole Soyinka walikuwepo, na Ngugi wa Thiong'o alikuwepo akiwa bado mwanafunzi wa hapohapo. Lakini mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu kama Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Kiswahili, hakuwa na nafasi, na alifariki mwezi huohuo. Ngugi anaanzia hapohapo kwenye Decolonising the Mind ya 1986, kitabu chake cha insha kuhusu lugha ya fasihi yetu. Sasa jenga likizo yako juu ya swali hilo, hadithi zetu zinaandikwa kwa lugha gani na kwa nani? Kitabu kizito kiwe Kintu, riwaya ya Mganda Jennifer Nansubuga Makumbi, kurasa zaidi ya 400, inaanza kwenye ufalme wa Buganda mwaka 1750 inafika mpaka 2004. Chembamba cha kwanza, Kusadikika ya Shaaban Robert. Cha pili, Song of Lawino, shairi refu la Okot p'Bitek wa Uganda. Hicho cha Ngugi kiweke akiba, ukipata nafasi.

Hiyo ya Lawino usiisome kimyakimya, tafadhali. Okot aliiandika kwanza kwa Kiacholi, ya Kiingereza ikatoka 1966 na ya Kiacholi yenyewe 1969, na ukiwa nyumbani Gulu au Kitgum, kaskazini mwa Uganda, na unaijua lugha, tafuta hiyo ya Kiacholi uwasomee wazee jioni. Watakukatiza, watabishana, watakwambia mambo ambayo hayako kwenye kitabu. Huo usiku mmoja unazidi kurasa mia za kusoma peke yako, kwangu mimi hakuna mjadala hapo.

Kitabu kizito kianze wiki moja kabla ya likizo, ukiwa bado kazini, hata kurasa kumi kwa siku kwenye taxi. Kurasa za mwanzo ndo zinaua watu. Kwenye Kintu kwa mfano majina ni mengi, ukoo unapanuka, ukiacha siku tatu unasahau nani ni mtoto wa nani, kwa hiyo chora mti wa ukoo mwenyewe kwenye daftari, ongeza jina kila likitokea. Ukifika kijijini ushaingia ndani ya hadithi, hausukumi tena. Katikati ukichoka pumzika na Kusadikika alafu rudi.

Kuvipata sasa. Riwaya za Uganda utazikuta kwenye maduka ya vitabu Kampala, ila vya Kiswahili vingi vinachapishwa Dar na Nairobi, hivyo agiza mapema, mwombe mtu anayesafiri au vije kwa basi kama kifurushi. Vya kwenye simu daunlodi mjini kabla hujaondoka, mtandao wa kijijini usiuamini. Mimi bado nashauri karatasi kwa kile kizito: haiishi chaji, na bosi hawezi kukutumia ujumbe ndani yake. Beba taa ya sola.

Ukifika, waambie watu wa nyumbani wazi. Mwambie mama, kuanzia saa 12 mpaka saa 1 asubuhi mimi nasoma, baada ya hapo niko kwako kwa kazi yoyote. Ukijificha utaonekana unaringa, ukisema utaheshimiwa, na watoto wakija kuchungulia wape nao cha kusoma wakae hapo.

Na ukichelewa, manake utachelewa tu, kata chembamba kimoja, usikate kizito. Kama kizito chenyewe kimekataa kabisa baada ya kurasa 60, kiache bila kujilaumu, chukua kile cha akiba. Kisichoisha kirudi nacho Kampala, kipe zile kurasa kumi za taxi mpaka kiishe.