Umetangazwa muflisi Kenya na umekata rufaa: jinsi ya kuomba amri isimamishwe

Kukata rufaa peke yake hakusimamishi chochote. Mfanyabiashara niliyemsaidia alidhani yuko salama kwa kuwa notisi ya rufaa ilishapokelewa, kumbe msimamizi wa mali (anayeshika mali za muflisi kwa niaba ya wadai) alikuwa anaendelea kuorodhesha magari yake. Amri ya ufilisi chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015 huanza kufanya kazi mara moja, kwa hiyo lazima uombe isimamishwe.

Hatua ya 1: Omba papo hapo

Uamuzi ukisomwa tu, wakili aombe kwa mdomo kabla jaji hajainuka. Agizo la 42, kanuni ya 6 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, linaruhusu.

Hatua ya 2: Notisi ya rufaa

Hii ni taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa. Iwasilishe ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Bila notisi hii Mahakama ya Rufaa haina mamlaka ya kukusikiliza. Siku hiyohiyo andika barua ya kuomba mwenendo wa kesi uliochapwa (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani), na nakala umpelekee anayekudai.

Hatua ya 3: Chagua mahakama ya kuomba zuio (amri ya kusimamisha)

Mahakama Kuu inataka mambo matatu: hasara kubwa, ombi lisilocheleweshwa, na dhamana. Mahakama ya Rufaa, kwa kanuni yake ya 5(2)(b), inataka mawili: rufaa iwe na hoja ya kusikilizwa, na ionekane kwamba bila zuio ushindi wako utakuwa bure. Mimi huanzia Mahakama Kuu, kwa sababu jaji anaifahamu kesi. Akikataa, mlango wa juu haujafungwa. Kule ombi linasikilizwa upya.

Hatua ya 4: Hati ya kiapo

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Watu huandika "nitapata hasara kubwa" kisha wanatia sahihi. Hayo ni maneno matupu. Taja kila mali kwa jina lake: shamba lenye hati namba fulani, linauzwa lini, na tangazo la mnada libandikwe kama kielelezo. Eleza kwa nini haitarudi. Shamba likiuzwa kwa mtu wa tatu, au fedha zikigawiwa wadai kadhaa, nani atazikusanya tena? Ukidai kwamba aliyelipwa hana uwezo wa kurejesha, toa sababu za kuamini hivyo. Katika kesi ya National Industrial Credit Bank dhidi ya Wasike (2006), Mahakama ya Rufaa ilisema ukishaeleza hofu hiyo yenye msingi, ni juu ya upande wa pili kuonyesha kwamba unao uwezo.

Usiishie kwenye mali. Leseni ya kazi inayopotea kwa kuwa muflisi, wafanyakazi watakaofukuzwa, mikataba inayovunjika: yote yaingie, na karatasi zake. Kesi ya Reliance Bank dhidi ya Norlake (2002) ilikubali kwamba rufaa "kuwa bure" hutegemea mazingira, na mahakama hupima pia nani ataumia zaidi.

Kuhusu hoja za rufaa, moja nzuri inatosha. Kama hati ya madai haikukufikia, au deni lenyewe lina mgogoro wa kweli, weka hiyo mbele na uache kurundika kumi dhaifu. Huna haja ya kuthibitisha kwamba utashinda.

Ambatisha cheti cha dharura (hati inayoeleza kwa nini ombi lisikilizwe haraka) chenye sababu zilezile za kiapo. Yakipingana, upande wa pili utayatumia.

Hatua ya 5: Dhamana

Itaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Napendelea akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote, yenye riba. Mtu aliyefilisika hapati dhamana ya benki kwa urahisi, kwa hiyo hati ya ardhi ya ndugu aliyekubali kwa kiapo husaidia.

Hatua ya 6: Ukishapata zuio

Lipeleke siku hiyohiyo kwa msimamizi wa mali na kwa anayekudai, upate muhuri wa kupokelewa. Kisha wasilisha rekodi ya rufaa (kitabu cha nyaraka zote za rufaa) ndani ya siku 60 tangu notisi. Mwenendo uliochapwa ukichelewa, omba kwa msajili cheti cha ucheleweshaji, kinachothibitisha muda uliotumika kuuandaa ili usihesabiwe kwako. Kinakufaa tu kama ile barua ya Hatua ya 2 iliandikwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi na anayekudai alipata nakala.