Homa ya uti wa mgongo: jinsi ya kuikagua nyumbani na wakati wa kukimbia hospitali

Jina lataja uti wa mgongo, lakini kinachovimba ni utando unaofunika ubongo na uti wenyewe. Ikiletwa na bakteria, yaweza kuua ndani ya saa 24. Usingoje dalili zote zitimie.

Hatua ya 1: Homa. Joto la nyuzi 38 kwenda juu ni homa. Nairobi tunakimbilia kusema malaria, hasa mgonjwa akiwa ametoka juzi Kisumu au Busia, kwenye malaria nyingi. Pima malaria, ndiyo, ila hata ikipatikana, endelea kukagua. Joto likishushwa na Panadol, endelea vilevile.

Hatua ya 2: Shingo. Mlaze chali, aguse kifua kwa kidevu. Mtoto mwambie atazame kitovu chake. Shingo ikikaza au akilia kwa uchungu, ondokeni. Ikipinda vizuri, bado hujamaliza: siku ya kwanza inaweza kuwa laini, na kwa watoto wachanga mara nyingi haikazi kabisa.

Kwa mtoto mchanga kagua utosi. Mshike wima akiwa ametulia, kwani kilio huuvimbisha, kisha pitisha kidole taratibu. Utosi uliotuna na kukaza, kukataa kunyonya, mwili kulegea au kilio chembamba kisichobembelezeka: hospitali.

Hatua ya 3: Kichwa kuuma vibaya, kutapika, kukwepa mwanga, kuchanganyikiwa, kusinzia asiamshike, degedege.

Hatua ya 4: Madoa. Kandamiza glasi angavu juu ya doa. Lisipofifia, damu inavuja chini ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi tazama viganja, nyayo na ndani ya kope.

Homa pamoja na dalili moja kati ya hizi yatosha kuondoka usiku huohuo. Piga namba za dharura, 1199 au 999, au tafuta gari; anayepoteza fahamu hafai bodaboda. Nendeni hospitali yenye daktari na maabara usiku, kama Kenyatta, Mbagathi au Mama Lucy.

Usipitie kemisti kununua antibiotiki. Vidonge vichache haviponyi, tena huficha vijidudu kwenye maji ya mgongo. Kama ameshameza, mwambie daktari dawa gani na saa ngapi.

Msikatae kipimo cha maji ya mgongo kwa kuogopa kuwa sindano italemaza. Sindano huchomwa kiunoni, chini ya pale uti unapokomea. Wanaolemaa hulemazwa na ugonjwa uliocheleweshwa.

Mwenye virusi vya UKIMWI asisubiri shingo ikaze. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu humnyemelea kwa wiki kadhaa, kichwa tu kikiuma kila siku.