Kahawa nzuri kutoka Mbozi hadi Dodoma: namna ninavyonunua

Dodoma hatulimi kahawa. Tuna zabibu, alizeti, karanga na mtama, na mvua yetu haitoshi kuukuza mbuni. Kila kilo ninayokaanga hapa mtaani kwetu Kisasa, Dodoma, imetoka mbali, na sehemu kubwa ya kazi yangu huwa imeshafanyika kabla gari halijapakia. Vijana wengi huniuliza wanunue mashine gani ya kukaangia. Nawaambia wajifunze kununua kahawa kwanza, maana ladha iliyoharibikia kwenye kumenya au kukausha hakuna moto utakaoirudisha.

Nenda msimu wa kuchuma. Mbozi mkoani Songwe na Mbinga mkoani Ruvuma, ninakonunua kahawa yangu ya aina ya Arabika, matunda huanza kuiva kwa wingi kati ya Mei na Juni, na uchumaji huendelea hadi Septemba au Oktoba. Kilimanjaro huchelewa kidogo, huanza kama Julai na kwenda mpaka mwisho wa mwaka. Ukisubiri kahawa iwe ghalani, utaonyeshwa gunia tu, na gunia halisemi ilimenywa lini wala ilikaushwa wapi.

Ukifika kijijini, salamu zako ziishie ofisi ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Usizunguke nyumba kwa nyumba kununua kimyakimya, na usimpe mkulima fedha kahawa ikiwa bado maua. Kagera mchezo huo huitwa butura, Mbinga huitwa magoma. Ni kinyume cha sheria, na mimi nauchukia kwa sababu nyingine pia: mzee mwenye ada ya mtoto shingoni huuza kwa bei ya shida, halafu msimu ukifika hana sababu ya kuchagua matunda mekundu. Kununua kahawa kunahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao yake Moshi. Kama mtaji wako ni wa magunia machache, zungumza na AMCOS na mnunuzi mwenye leseni mjue mzigo wako utapita wapi kihalali. Uliza mapema, kabla hujaahidi bei.

Sasa mtamboni, kahawa inakomenywa na kuoshwa. Hapa mimi hukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Naomba kuona ndoo za wachumaji zinapomiminwa. Zikiwa na matunda ya kijani na ya njano, nauliza nani anayachambua na yanakwenda wapi. Nauliza kahawa iliyochumwa asubuhi humenywa saa ngapi. Ninataka kusikia "leo leo, kabla ya usiku kuingia". Nauliza inavundikwa, yaani inaachwa ichachuke ili utelezi utoke, kwa muda wa saa ngapi, na anayejua kazi yake hanitajii saa tu. Mama mmoja Mbozi alinijibu, "Mwanangu, usiku wa baridi tunaongeza. Naisugua mkononi, utelezi ukiisha na ikikwaruza kama changarawe, naosha." Nilimwamini kuliko karatasi yoyote. Kahawa iliyozidishwa kwenye vundiko hunuka uozo, na punje chache tu zinatosha kuharibu jiko zima.

Kisha vichanja. Kahawa ikauke juu ya wavu, igeuzwe mara kwa mara, ifunikwe jua la mchana likiwa kali na usiku umande unapoanguka. Kwa kawaida huchukua wiki moja na nusu hadi mbili. Ikikauka ibaki na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na kipimo chako uwe nacho mkononi. Iliyoanikwa ardhini siinunui, hata kwa nusu bei.

Kuhusu herufi: AA maana yake ni punje kubwa zilizobaki kwenye chekecheo namba 18. Ni ukubwa, si utamu. Nimekunywa B, ya punje ndogo zaidi, iliyooshwa vizuri ikaipita AA ya jirani yake kwa mbali. Ladha hupimwa kwa kuonja, na duniani kahawa huitwa maalumu ikipata alama 80 kwenda juu kati ya 100.

Omba sampuli ya gramu 350 za kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini haijakaangwa. Zimwage kwenye karatasi nyeupe: nyeusi, zilizooza, zilizotobolewa na wadudu, zote utaziona. Kaanga kidogo, rangi isikolee, uiache mpaka kesho yake. Punje zitakazobaki zimepauka wakati wenzake zimebadilika rangi, hizo zilichumwa mbichi. Weka vikombe vitano, kila kimoja gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kuyasubiri ni kidogo tu. Baada ya dakika nne vunja utando wa juu kwa kijiko, nusa, ondoa povu, onja kahawa ikiwa moto na uonje tena ikipoa. Kasoro nyingi hujitokeza ikipoa. Tafadhali usitumie maji yetu ya bomba. Yana chumvi, na yataifanya kahawa ya uchachu mzuri ionekane bapa. Tumia ya chupa, tena ya aina moja kila siku.

Nusu ya sampuli ifunge vizuri na uitunze. Mzigo ukifika, piga bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye kila gunia, changanya, kaanga, na uonje pembeni ya ile uliyotunza.

Kwenye bei, fahamu bei ya mnada ya wiki hiyo kisha jumlisha haki ya kazi ya ziada, na ulipe siku mliyokubaliana. Piga hesabu kwa kahawa utakayouza: kilo 100 zikiwa bado na ganda la ndani hutoa kama kilo 80 za kahawa safi baada ya kukobolewa, na jikoni hupungua tena kwa asilimia 15 hivi. Unabaki na kilo 68. Wengi hufilisika kwa kuisahau hesabu hii.

Gari hupita Iringa na Mtera. Kataa kupakiwa pamoja na vitunguu, mafuta ya taa au samaki. Hewa yetu ya kiangazi hunyonya unyevu wa punje haraka, kwa hiyo nahifadhi kwenye ile mifuko ya tabaka tatu tunayowekea mahindi, juu ya chaga, mbali na ukuta.

Anayetaka kuleta kahawa ghafi kutoka Ethiopia au nchi jirani aanzie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa kibali cha kuingiza, kwa sababu punje mbichi hubeba wadudu na sisi tuna mashamba ya kulinda. Muuzaji naye alete cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Ikitoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, dai na cheti cha uasili kinachoonyesha bidhaa ilikozalishwa, ndicho kinachokupa nafuu ya ushuru forodhani. Fedha itumwe kibali kikiwa tayari mkononi mwako.