Makazi Minnesota, kazi ya kiangazi California: ritani uanzie wapi?

Mwisho wa Januari mwajiri anapokupa Fomu W-2, yaani taarifa ya mshahara na kodi yako ya mwaka, shuka hadi visanduku vya 15, 16 na 17. Hapo pameandikwa jimbo, mshahara uliohesabiwa humo, na kodi ambayo jimbo hilo limekata. Sisi tuliozoea KRA au TRA moja nchi nzima hudhani kodi ikishakatwa mambo yamekwisha. Marekani kila jimbo lina mfuko wake, na California haiipelekei Minnesota hata senti.

Chukua mwanafunzi aliyepanga nyumba Minneapolis mwaka mzima, kiangazi akaenda California miezi mitatu kufanya kazi. California anaijazia Fomu 540NR, ya asiye mkazi, kwa mshahara alioupata huko. Minnesota nayo, kwa kuwa ana makazi humo na amekaa siku 183 au zaidi, humhesabu mkazi na kutoza kila alichopata, cha California kikiwemo. Usishtuke: Minnesota humpunguzia kwa kodi ya California, kupitia Jedwali M1CR. Kwa hiyo anza na ritani ya serikali kuu, kisha jimbo la kazi, na jimbo la makazi liwe la mwisho, maana bila jibu la California huna tarakimu ya kuandika Minnesota. (Wakazi wa Arizona na Oregon wao nafuu hiyo huiomba California yenyewe, si nyumbani.)

Hapa ndipo wengi huteleza: kinachopunguzwa ni kodi uliyodaiwa kwenye ritani, si ile iliyokatwa kwenye mshahara. Kama ulikatwa zaidi, California ndiyo itakayokurudishia.

Wenye viza ya mwanafunzi, F-1, wana fumbo la ziada. Kwa serikali kuu, miaka mitano ya kwanza ya kalenda kwa kawaida wewe si mkazi, unajaza 1040-NR, ritani ya wasio wakazi. Ila jimbo linaweza kukuita mkazi mwaka huohuo. Programu nyingi za kodi za bei nafuu hazina 1040-NR, zinaweza kukujazia 1040 ya kawaida, ile ya wakazi.

Anayelala Maryland na kufanya kazi Virginia ana unafuu, kwani majimbo hayo yamepatana mshahara utozwe anakoishi mtu. Mwajiri akikosea akakata ya Virginia, idai kwa Fomu 763-S, halafu Maryland uilipe mwenyewe.

Na ukipata kazi ya kiangazi Texas au Washington, ambako mshahara haukatwi kodi ya jimbo, usishangilie mapema. Minnesota itaudai mshahara huo vilevile, na safari hii hakuna kodi ya jimbo jingine ya kukupunguzia. Weka kando kidogo kila ukilipwa, kabla ya Aprili 15.